Hesabu za C na maneno ambayo kompyuta haiyasomi

Mstari huu unaonekana hauna tatizo lolote:

```c
int kodi = 16 / 100 * 2500;
```

Aliyeuandika alitaka kupata VAT ya bidhaa ya shilingi 2,500 kwa kiwango cha Kenya cha asilimia 16. Jibu sahihi ni shilingi 400. Programu ikiendeshwa inatoa 0, bila kukwama na bila dalili yoyote kwamba mambo yameenda kombo. Mwenzake aliyeandika `2500 * 16 / 100` anapata 400 kamili. Namba ni zilezile na alama ni zilezile. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

Anayeanza kujifunza C hukutana na jambo hili mapema sana, na mara nyingi huilaumu kompyuta. Lakini kompyuta imefanya ilichoambiwa. Imegawanya 16 kwa 100 kwa utaratibu wa namba kamili, ikapata 0 baki 16, ikaitupa ile baki, kisha ikazidisha 0 kwa 2,500.

Mwongozo huu unahusu alama za hesabu zinazoleta matokeo ya aina hiyo, pamoja na komenti, yaani yale maelezo ambayo mwandishi wa programu humwachia binadamu mwenzake. Vitabu vingi huviweka vitu hivi viwili katika sura mbalimbali. Vingefaa kusomwa pamoja, kwa sababu hesabu ya C ina mambo mengi ambayo alama zenyewe hazisemi, na pa kuyasemea ni kwenye komenti.

C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell Labs, jimbo la New Jersey, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika mwaka 1972. Ilitokana na lugha ya B ya mwenzake Ken Thompson, ambayo nayo ilitokana na BCPL ya Mwingereza Martin Richards. Ilitumika kuandikia mfumo wa Unix kwenye mashine zenye kumbukumbu ndogo mno. Ndiyo maana hesabu yake iko karibu sana na hesabu ya prosesa yenyewe: ni ya haraka, na haimuulizi mtu kama ana hakika na anachotaka.

Wa kujaribu mifano hii anahitaji kompaila. Kwenye Linux ni gcc. Kwenye Windows wengi hutumia Code::Blocks au Dev-C++, ambazo hupatikana zikiwa na kompaila ndani yake. Mwenye simu ya Android tu anaweza kuweka Termux, kisha akaandika `pkg install clang`. Hapo atatumia neno `clang` kila mahali palipoandikwa `gcc`. Programu ya kwanza ni hii:

```c
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    /* Bei na kodi ni kwa shilingi za Kenya,
       bila senti. */
    int bei = 2500;
    int kodi = bei * 16 / 100;  // zidisha kwanza: 16 / 100 ni 0

    printf("Kodi: %d\n", kodi);
    return 0;
}
```

Ihifadhi kwa jina `kodi.c`, andika `gcc -Wall kodi.c -o kodi`, kisha `./kodi`. Lile neno `-Wall` linaiagiza kompaila itoe maonyo yake ya kawaida. Mwanafunzi alizoee tangu siku ya kwanza.

Komenti za aina zote mbili zimo humo. Ya kwanza hufunguliwa kwa `/*` na kufungwa kwa `*/`, nayo inaweza kuchukua mistari mingi. Hiyo ndiyo C iliyokuwa nayo tangu mwanzo. Ya pili huanza na `//` na kuishia mwisho wa mstari. Alama hii ilikuwamo katika BCPL, ikaachwa, ikarudi kupitia C++, na ikaingizwa rasmi katika C kwa kanuni za mwaka 1999 zinazoitwa C99. Anayeona programu za zamani zisizo na `//` hata moja ajue ndiyo sababu.

Kompaila inapoisoma programu, kila komenti huigeuza nafasi moja tupu kabla ya kuchambua chochote. Basi komenti, hata iwe ndefu kiasi gani, haiongezi uzito wala kupunguza kasi ya programu iliyokamilika. Hakuna sababu ya kuzifanyia ubahili. Jambo la kukumbuka ni kwamba maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu hayaguswi: ukichapisha anwani ya intaneti kwa `printf("https://...")`, ile mikwaju miwili haiwi komenti.

Mtego unaowanasa wengi ni komenti ndani ya komenti. Mtu anataka kuzima kwa muda mistari kadhaa, anaizungushia `/*` na `*/`, na ndani yake tayari kuna komenti nyingine:

```c
/* hesabu ya zamani, imezimwa
   kodi = bei * 14 / 100;   /* kiwango cha 2020 */
   jumla = bei + kodi;
*/
```

C haihesabu viwango vya komenti. `*/` ya kwanza inayoonekana, ile iliyo baada ya 2020, ndiyo inayofunga kila kitu. Mstari wa `jumla` unabaki hai, na `*/` ya mwisho inabaki peke yake ikiizulia kompaila kosa. Hapo angalau kompaila italalamika. Njia salama ni kuweka `//` mbele ya kila mstari, au kuizungushia sehemu nzima `#if 0` juu na `#endif` chini. Hiyo huzima kila kilichomo bila kujali komenti zilizo ndani.

Mtego wa pili utamfikia msomaji siku atakapojifunza pointa. Akiandika `jumla/*idadi` akikusudia kugawanya kwa thamani ambayo pointa `idadi` inaielekea, amefungua komenti bila kujua, na kila kinachofuata kitamezwa mpaka `*/` nyingine ipatikane. Tabia ya kuacha nafasi pande zote mbili za alama ya hesabu, `jumla / *idadi`, inaliondoa tatizo hili lote.

Komenti iseme nini? Wanafunzi wengi huandika kama hivi, pengine kwa sababu mwalimu ametaka komenti na alama hutolewa kwa kuzihesabu:

```c
i = i + 1;   // ongeza 1 kwenye i
```

Komenti hiyo haimsaidii yeyote. Anayejua C ameshaona kwamba i imeongezwa moja, na asiyejua C hataijua kwa njia hiyo. Komenti nzuri hubeba habari ambayo haimo kwenye mstari wenyewe: kipimo ni shilingi au senti, kwa nini kizidisho kimetangulia, kiwango hiki kilitoka wapi, ni thamani gani ambayo haitakiwi kuingia hapa.

VAT yenyewe inatoa mfano wa kweli. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Kenya ilishusha kiwango kutoka asilimia 16 hadi 14, kisha ikakirudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Fikiria programu ya duka yenye komenti `// VAT ya asilimia 16`. Aprili mtu anabadilisha namba kuwa 14 na kuisahau komenti. Anayekuja baadaye anaona maneno yakisema 16 na hesabu ikisema 14, wala hana namna ya kujua kipi kati ya hivyo viwili ndilo kosa. Komenti iliyopitwa na wakati ina madhara makubwa kuliko kutokuwapo kwa komenti. Ingefaa kuandikwa hivi:

```c
/* Kiwango cha VAT kwa asilimia. Kilikuwa 14 kuanzia
   1 Aprili 2020 hadi 31 Desemba 2020. Ankara za kipindi
   hicho zisihesabiwe kwa kiwango cha sasa. */
int kiwango = 16;
```

Namba 16 sasa imeandikwa mahali pamoja tu, nayo ni hesabu yenyewe. Komenti inaeleza historia, na historia haibadiliki.

Hata waasisi wa C na Unix walipata shida ya kueleza. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, pana sehemu ngumu ya kubadilisha programu inayoendeshwa, na hapo pana komenti inayomwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuielewa. Komenti hiyo ikawa maarufu kote kwenye vyuo vilivyosomesha Unix, wengi wakiichukua kama majivuno. Ritchie alieleza baadaye kwamba walikusudia tu kusema jambo hilo halitatoka kwenye mtihani, na kwamba shida ya kweli ilikuwa nyingine: wao wenyewe walikuwa hawajaelewa vizuri kilichokuwa kikitendeka pale. Ni ushahidi unaofaa kukumbukwa. Mara nyingi mahali pagumu kuandikia komenti ndipo ambapo mwandishi bado hajaelewa kazi yake.

Kuhusu lugha ya komenti, kompaila haijali. Kiswahili kinafaa kabisa, na majina ya vibadilika pia yanaweza kuwa ya Kiswahili, kama mifano hii inavyoonyesha. Kipimo ni watakaoirekebisha programu baada yako: andika kwa lugha watakayoisoma bila kukwama.

Sasa alama zenyewe. Kuna tano: `+` ya kujumlisha, `-` ya kutoa, `*` ya kuzidisha, `/` ya kugawanya na `%` ya kupata baki. Tatu za kwanza hufanya kile ambacho kila mtu anatarajia, na hazihitaji maneno mengi. Kazi iko kwenye mbili za mwisho.

Kanuni ya `/` ni moja: pande zote mbili zikiwa namba kamili, jibu ni namba kamili, na desimali hukatwa. Haikadiriwi kwenda juu. Alama za mwanafunzi zikiwa 67, 58 na 72, jumla ni 197, na `197 / 3` ni 65, ingawa wastani halisi unakaribia 65.67. Wengi hudhani dawa ni kubadilisha aina ya kibadilika kinachopokea jibu:

```c
int jumla = 67 + 58 + 72;
double wastani = jumla / 3;            // 65.000000
double wastani2 = jumla / 3.0;         // 65.666667
double wastani3 = (double) jumla / 3;  // 65.666667
double wastani4 = (double)(jumla / 3); // 65.000000
```

Mstari wa pili hausaidii kitu. Kinachoamua ni aina ya namba zilizo pande mbili za alama. Anayepokea huja baadaye, desimali zikiwa zimeshatupwa. Inatosha upande mmoja uwe wa desimali, na upande wa pili utageuzwa kuufuata. Mstari wa mwisho unastahili kutazamwa kwa makini: mabano yamelazimisha kugawanya kwanza, na ubadilishaji umechelewa.

Alama ya `%` humrudisha mtu darasa la tatu, kabla hajafundishwa desimali, alipoandika kwamba 17 gawanya kwa 5 ni 3 baki 2. Katika C, `17 / 5` inatoa ile 3 na `17 % 5` inatoa ile 2. Haina uhusiano na asilimia, na haikubali namba za desimali. Kwa pamoja alama hizi mbili zinaweza kufanya kazi ya mwenye duka anayerudisha chenji. Kwa shilingi za Tanzania, chenji ya 18,700 inagawanywa hivi:

```c
int chenji = 18700;
int elfu10 = chenji / 10000;  chenji = chenji % 10000;
int elfu5  = chenji / 5000;   chenji = chenji % 5000;
int elfu2  = chenji / 2000;   chenji = chenji % 2000;
int elfu1  = chenji / 1000;   chenji = chenji % 1000;
int miatano = chenji / 500;   chenji = chenji % 500;
```

Kila hatua inatoa moja: noti ya elfu kumi, ya elfu tano, ya elfu mbili, ya elfu moja, kisha mia tano. Kinachobaki kwenye `chenji` ni 200. Badala ya kurudia jina, C inaruhusu kufupisha: `chenji %= 1000;` ni sawa na mstari mrefu, na vivyo hivyo `+=`, `-=`, `*=` na `/=`. Zamani ufupisho huo uliandikwa kinyume, `=-`, mpaka ulipobadilishwa mwaka 1976, kwa kuwa mtu akiandika `i=-10` haikueleweka kama anatoa kumi au anaweka hasi kumi. Kuongeza au kupunguza moja kuna `i++` na `i--`.

Swali la alama ipi itangulie ndilo lililoleta sifuri katika mfano wa VAT. Waliosoma shule za msingi Tanzania wanaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inafaa kwa hesabu za daftari, lakini ndani ya C ikifuatwa herufi kwa herufi inapotosha. Kwa C, `*`, `/` na `%` ziko daraja moja, na zinafanyika kuanzia kushoto kwenda kulia. `+` na `-` nazo ziko daraja moja chini yake, kushoto kwenda kulia pia. Hivyo `7 * 5 / 2` ni 35 gawanya kwa 2, yaani 17; mwenye kugawanya kwanza atapata 7 mara 2, yaani 14. Na `10 - 4 + 3` ni 9; mwenye kujumlisha kwanza atapata 3. Kwa namba za desimali tofauti ya kuzidisha au kugawanya kwanza mara nyingi haionekani. Kwa namba kamili inaonekana papo hapo, kwa sababu kila kugawanya hutupa baki. Herufi ya kwanza, ile ya mabano, inabaki kweli kabisa, na mwenye shaka ayatumie bila kusita.

Jambo dogo kabla ya kuendelea: C haina alama ya kipeo. `5 ^ 2` inakubaliwa na kompaila lakini inatoa 7, kwa kuwa `^` hulinganisha namba hizo biti kwa biti. Mraba uandikwe `5 * 5`. Vipeo vikubwa vina `pow` kutoka `math.h`, na kwenye Linux amri ya gcc huongezewa `-lm` mwishoni.

Mfano unaounganisha haya yote ni saa ya Kiswahili. Kompyuta inahesabu saa kuanzia 0 hadi 23, na sisi tunahesabu kuanzia macheo na machweo. Watu husema toa sita: saa 7 ya kompyuta ni saa moja asubuhi. Anayeanza ataandika `(saa - 6) % 12`, na mchana itafanya kazi. Ikifika saa 2 ya kompyuta, usiku wa manane, 2 toa 6 ni hasi 4, na katika C `-4 % 12` ni -4, si 8. Tangu C99 kanuni inasema kugawanya kunakata kuelekea sifuri, hivyo baki hufuata ishara ya namba inayogawanywa. `-7 / 2` ni -3 na `-7 % 2` ni -1. Mwenye kutoka Python ashike hili, maana huko `-4 % 12` ni 8.

Kwa saa ya duara ya kumi na mbili, kutoa sita na kuongeza sita hufikisha mahali pamoja. Lakini `(saa + 6) % 12` nayo ina kasoro: saa 6 ya kompyuta inatoa 0, na hakuna aliyewahi kuambiwa ni saa sifuri asubuhi. Suluhisho ni hili:

```c
/* Saa ya Kiswahili kutoka saa 0-23.
   Tunaongeza badala ya kutoa 6 kwa sababu % ya namba
   hasi ni hasi. Ile 6 imegawanywa 5 + 1 ili jibu
   liwe 1 hadi 12, lisiwe 0 hadi 11. */
int kiswahili = (saa + 5) % 12 + 1;
```

Jaribu 0, 2, 6, 12, 18 na 23; majibu yawe 6, 8, 12, 6, 12 na 5. Ondoa komenti hiyo, na atakayeukuta mstari huu baada ya mwaka mmoja ataona 5 na 1 zisizoeleweka, ataziunganisha ziwe 6 kwa nia njema, na saa kumi na mbili itapotea.

Imebaki mipaka. Kwenye kompyuta na simu za kawaida, `int` huishia 2,147,483,647. Kuzidisha kwanza kulikotuokoa kwenye VAT kunaweza kutuangusha hapa: jengo la shilingi milioni 140 likizidishwa kwa 16 linafika bilioni 2.24, na C haisemi nini kitatokea mpaka huo ukivukwa. Tumia `long long` kwa `bei` na `kodi`, na `%lld` kwenye `printf`. Kikomo hichohicho ndicho kinachozisubiri mashine zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32: zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

Kukimbilia `double` kwa ajili ya pesa si dawa. `0.1 + 0.2 == 0.3` haitoki kweli, kwa kuwa desimali hizo haziwezi kuandikwa kikamilifu kwa biti. Afadhali kuhesabu kwa senti, na kukadiria kwa makusudi: `1999 * 16 / 100` ni 319 ilhali jibu ni 319.84, na `(1999 * 16 + 50) / 100` inatoa 320. Ile 50 nayo iandikiwe komenti.

Kugawanya namba kamili kwa sifuri ni kosa ambalo lugha haikuwekea jibu. Kwenye kompyuta nyingi za Linux programu hufa hapo hapo. Kwenye simu zenye prosesa za ARM inaweza kutoa 0 na kuendelea kana kwamba mambo ni shwari, jambo la hatari zaidi. Kagua kwa `if (idadi != 0)` kabla ya kugawanya. Na wakati wa kujifunza, andika `gcc -Wall -fsanitize=undefined kodi.c -o kodi`: namba kamili ikivuka kikomo au ikigawanywa kwa sifuri, programu itataja faili na mstari ambamo kosa limetokea.